Andiko la pili nililianzia kwenye rejesta

Andiko langu la kwanza la kuomba ruzuku lilikuwa na kurasa 26 na mashine moja. Kurasa zote zilikuwa zinaisifu mashine hiyo: kolposkopu, darubini ya kuangalia shingo ya kizazi, ambayo kwa maelezo yangu ingemaliza vifo vya saratani katika vijiji vyote tunavyohudumia. Mimi ni muuguzi. Kituo chetu kiko mbali na hospitali yenye huduma ya saratani, na kazi yangu ya kila wiki ni kuchunguza shingo ya kizazi kwa asidi ya asetiki, ile ambayo kina mama huiita siki. Unapaka, unasubiri dakika moja, sehemu iliyobadilika inageuka nyeupe. Niliamini kabisa kwamba kinachotukwamisha ni vifaa.

Mfadhili alikataa. Barua yenyewe ilikuwa fupi na ya adabu, ila chini yake msomaji mmoja wa maandiko alikuwa ameacha swali: mwanamke akikutwa na tatizo, nani anamfuatilia mpaka atibiwe? Nilikasirika. Nikamwambia mganga mfawidhi kwamba watu hawa hawajui maisha ya kituoni. Hakunibishia. Alisema tu, "Sista, hebu lete rejesta."

Rejesta ina safu ya rufaa na safu ya mrejesho. Ya rufaa ilikuwa imejaa, kwa mwandiko wangu mzuri. Ya mrejesho, zaidi ya nusu ya mistari ilikuwa mitupu. Wanawake hao niliwapima mimi, nikawaandikia karatasi mimi, kisha nikaita anayefuata kwenye foleni.

Kwa wiki mbili niliwatafuta kwa simu, na wasio na simu wakafuatwa nyumbani na wahudumu wa afya ya jamii. Mmoja alifika hospitali akaambiwa daktari yupo Alhamisi, na hakuwa na pa kulala mpaka Alhamisi. Wawili walikuwa hawajaelewa kwamba ile karatasi ni ya kupeleka mahali. Waliitunza vizuri kabatini. Mwingine aliogopa, maana akihisi mwili hauna maumivu yoyote, kwa nini aende kutafuta habari mbaya? Mmoja tulimkosa, alikuwa ameshafariki. Na mama mmoja mtu mzima alinijibu taratibu, bila hasira: "Mwanangu, karatasi ulinipa. Nauli hukunipa."

Jibu hilo ndilo lililokuwa andiko la pili lote. Miezi minne iliyofuata niliitumia kulivalisha lugha ya wafadhili.

Kumbe tatizo letu lina historia. Mwaka 1990 daktari mpasuaji Harold Freeman alianzisha katika hospitali ya Harlem, New York, mpango wa kumpa mgonjwa maskini mtu wa kumsindikiza, kuanzia pale kipimo kinapotia shaka hadi anapotibiwa, mtu ambaye kazi yake ni kuondoa vikwazo njiani. Nilipolisoma hilo nilipata nguvu ya kuandika kwenye bajeti cheo ambacho kituoni kwetu hakikuwepo: msindikizaji wa wagonjwa. Hapo mwanzo niliona aibu kuomba mshahara wa mtu wa kupiga simu.

Msaada mwingine ulitoka kwenye mkakati wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 wa kutokomeza saratani ya shingo ya kizazi. Malengo yake ya kufikia 2030 ni tarakimu tatu: asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa dhidi ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani hiyo, kabla ya kutimiza miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kwa kipimo cha uhakika kufikia miaka 35 na tena kufikia 45, na asilimia 90 ya waliokutwa na tatizo wawe wametibiwa. Maandiko mengi niliyoyaona huning'inia kwenye ile 70, pengine kwa sababu idadi ya waliopimwa inapendeza kwenye picha. Mimi nilikaa kwenye 90 ya mwisho. Ndiko tulikokuwa tunavuja. Siki yetu haihesabiki hata kama kipimo cha uhakika, ambacho shirika hilo linamaanisha kipimo cha vinasaba vya HPV au kinacholingana nacho, na nililiandika hilo wazi. Msomaji angeligundua tu.

Takwimu za kuanzia nilizitoa kwenye ile rejesta yenye aibu. Mwenzangu mmoja alinishauri nizipunguze makali, nikakataa, maana bila shimo hakuna sababu ya kuomba udongo. Kiashiria kikuu kikawa kimoja: siku ngapi zinapita kati ya kugundulika na kutibiwa.

Mashine niliomba tena, ndogo safari hii, ya kushika mkononi: ya tiba ya joto, inayochoma sehemu yenye mabadiliko ya awali kwa nyuzi 100 au zaidi kwa sekunde 20 hadi 30. Anayefaa kwa tiba hiyo anatibiwa siku ileile na kurudi nyumbani, hana rufaa ya kupotelea. Wanaobaki kusafiri ni wale ambao kidonda chao ni kikubwa, kinaingia ndani ya mlango wa kizazi, au kinatiliwa shaka ya saratani yenyewe. Kundi hilo dogo ndilo nililoliombea nauli, malazi na msindikizaji.

Nauli ilileta mjadala kuliko kitu chochote. Mhasibu wetu alisema fedha taslimu mkononi mwa mgonjwa ni maombi ya kukaguliwa vibaya. Tulikubaliana ilipwe kwa simu, kwa orodha yenye namba ya mgonjwa badala ya jina, na nusu ya kurudi atumiwe baada ya hospitali kuthibitisha kwamba amefika. Na hospitali yenyewe nilikwenda kukaa nayo mezani kabla ya kuomba barua ya kuunga mkono. Barua ikaja ikiwa na kitu cha thamani: siku moja maalumu kila wiki kwa wagonjwa wetu. Habari ya kulala mpaka Alhamisi ikaisha hapo.

Ruzuku tulipata, pungufu ya tulichoomba. Walikata magari yote, na sikuwalaumu. Kosa langu lilikuwa kusahau gharama za uendeshaji, kwa hiyo mwaka wa kwanza umeme na karatasi vililipwa na kituo kwa manung'uniko. Fedha za awamu ya kwanza pia zilichelewa, na msindikizaji alianza kazi kwa simu yake mwenyewe. Kwenye simu hatamki neno saratani. Anasema, "Sista anauliza kama ulifika," kwa sababu hujui nani amepokea.

Safu ya mrejesho sasa ina mistari michache tu mitupu, na kila mmoja una maelezo. Kinachorefusha siku kwa sasa ni majibu ya vipande vya nyama vinavyopelekwa maabara ya patholojia. Wanawake wanafika, vipande vinakatwa, halafu wiki zinapita. Andiko la tatu linahusu hilo. Niko ukurasa wa nne, na safari hii mhasibu ameweka gharama za uendeshaji kabla sijaandika hata kichwa cha habari.