Theluji ya kwanza kwa mtu wa Pwani: angalia mteremko kabla ya kilele

Huku Mombasa, mtu akitaka kupanda mlima wa theluji huuliza kwanza urefu wake. Sisi tungependa aulize hivi: nikiteleza hapa, nitaenda kusimama wapi?

Njia ya kuanzia isizidi digrii 30 hadi 35 pale ilipo kali zaidi, na chini yake pawe na theluji pana inayolala pole pole, pasipo mawe wala genge. Mteremko wa digrii 25 unaoishia genge ni mbaya kuliko wa 35 unaomalizikia bondeni. Halafu tazama na juu. Maporomoko mengi ya theluji huanzia kwenye miteremko ya digrii 30 hadi 45, kwa hiyo hata ukipita tambarare chini ya mteremko kama huo, umo njiani mwake. Siku moja au mbili baada ya theluji nyingi kuanguka, au upepo ukiwa umeirundika upande mmoja, ahirisha.

Ukali unaupima ukiwa nyumbani. Kwenye ramani ya 1:25,000 yenye kontua (mistari inayounganisha mahali penye urefu sawa) za kila mita 20, nafasi ya milimita 1.4 kati ya mistari ni digrii 30. Ikibana ikawa milimita 1, ni karibu 39. Rula ya shule yatosha, ila ujue kwamba ukuta mfupi wa mita 15 unaweza kujificha kati ya mistari miwili.

Lenana, kilele cha Mlima Kenya (mita 4,985), baada ya mvua huwa na theluji, na kutoka kibanda cha Austrian Hut unabakiwa na kama mita 200 tu za kupanda. Pazuri pa kuionja, lakini hapafai kujifunzia: kuna mawe mengi, na kichwa kinauma kwa sababu ya kimo. Mtu aliyetoka usawa wa bahari, akishapita mita 3,000, asiongeze zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja mahali anapolala. Margherita, kilele cha Ruwenzori (mita 5,109), ina barafu yenye nyufa na inataka kamba, iache kwanza. Western Breach, njia ya kupandia Kibo kule Kilimanjaro, nayo ina mawe yanayoporomoka, hata usiiwaze.

Chaguo letu ni Toubkal, Moroko, mita 4,167, wakati wa baridi. Kibanda kiko kama mita 3,200, na njia ya kawaida ya bonde la kusini haihitaji ufundi wa kamba theluji ikiwa imetulia. Shoka la barafu na kramponi (meno ya chuma yanayofungwa chini ya kiatu) ni lazima, na chukua mwongozaji wa huko.

Siku ya kwanza isiwe ya kilele. Fanyeni mazoezi ya kujizuia kwa shoka mnapoteleza, karibu na kibanda, kwanza bila kramponi: jigeuze kifudifudi, kichwa cha shoka karibu na bega, ulilalie kwa kifua. Ukiwa umevaa kramponi, inua miguu na ubane kwa magoti, maana jino likinasa utabinuka au uvunje kifundo. Kwa sababu hiyo hiyo, usishuke kwa kuserereka ukiwa nazo.

Chagua kramponi za chuma zenye meno 10 au 12 na vibati vya chini vya kuzuia theluji kugandamana, na kiatu kigumu kisichopinda. Zirekebishe hapa hapa nyumbani: bana kiatu bila kufunga mkanda, kiinue, kitikise. Kramponi ikidondoka, bado ni ndefu.

Anza saa kumi usiku, ili ushuke kabla jua halijailainisha theluji. Mguu ukianza kuzama hadi nusu ya muundi, geuka, hata kama kilele unakiona.

Ukirudi, kausha meno ya kramponi, yapake mafuta ya cherehani na uyafunge kwa kitambaa. Ukiyaacha ndani ya nailoni, unyevu na chumvi ya Pwani vitayala kabla ya safari nyingine.