Nilichojifunza katika mwaka wa mafunzo ya moyo ulioshindwa na upandikizaji

Mgonjwa wa kwanza niliyekabidhiwa katika mwaka wangu wa mafunzo ya ubingwa bobezi alininyooshea mkono kabla sijauomba. Nikaweka vidole kwenye kifundo, nikatafuta mapigo, nisiyapate. Alikuwa ameketi kitandani akizungumza vizuri, uso wake ukiwa na rangi njema, na ubavuni alikuwa na mkoba wa betri mbili na kidhibiti kidogo kilichounganishwa na waya uliotokeza tumboni mwake. "Hapo hutayapata, daktari," aliniambia kwa upole. "Sikiliza kifuani." Nilipoweka kipimo kifuani nilisikia mvumo mmoja usiokatika, kwa kuwa pampu iliyopandikizwa kwenye ventrikali yake ya kushoto, chumba cha moyo kinachopeleka damu mwilini, ilikuwa ikisukuma damu mfululizo, bila kusubiri pigo. Shinikizo la damu la mtu kama huyo hupimwa kwa kufunga mkanda mkononi na kusikiliza mtiririko kwa kifaa cha Doppler, kinachotumia mawimbi ya sauti, na kinachotafutwa ni namba moja tu ya wastani, ambayo kwa kawaida tunapenda iwe kati ya 70 na 90.

Nilikuwa tayari daktari bingwa wa moyo siku hiyo. Nchini Marekani, ambako fani hii ya moyo ulioshindwa na upandikizaji ilitambuliwa kuwa ubobezi unaojitegemea mwaka 2008 na mtihani wake wa kwanza kufanyika mwaka 2010, anayeingia humo huwa amemaliza miaka 3 ya magonjwa ya ndani na mingine 3 ya magonjwa ya moyo, kisha huongeza mwaka mmoja. Watu wengi huniuliza ni jambo gani lililobaki la kujifunza baada ya miaka yote hiyo, na wengi hudhani jibu ni mashine. Mashine zina sehemu yake, na waya ule wa tumboni peke yake una somo refu, kwa sababu mahali unapotokea ngozini ndipo maambukizi yanapoingilia. Lakini kilichonichukua muda mrefu zaidi kujifunza ni wakati: kujua ni lini dawa zimefika mwisho wa uwezo wake, na kulisema jambo hilo mgonjwa akiwa bado na nguvu za kuchagua.

Ugonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi hauendi kwa mstari ulionyooka. Mgonjwa huvimba miguu, hulazwa, hupewa dawa za kutoa maji, hupungua kilo kadhaa, akarudi nyumbani akijisikia mzima, na daktari wake naye akapumua. Dawa za sasa zina nguvu kweli, na yule anayezivumilia zote kwa dozi kamili anaweza kuishi miaka mingi bila kumhitaji mtu kama mimi. Dalili za hatari ni zile ambazo, ikitazamwa moja moja, kila moja ina maelezo yake. Dozi ya beta-bloka, dawa inayopunguza kasi ya moyo, ilipunguzwa kwa sababu shinikizo lilishuka. Dozi ya dawa ya kutoa maji iliongezwa, kisha ikaongezwa tena. Sodiamu imeshuka kidogo, figo zimedhoofika kidogo, kifaa cha kuzuia mapigo hatari kimempiga shoti mara moja, na katika mwaka huohuo amelazwa mara mbili. Ziweke zote kwenye ukurasa mmoja, utaona kwamba moyo umeanza kuviacha viungo vingine bila damu ya kutosha.

Mwalimu wangu mmoja alinizuia nisimuulize mgonjwa kama anachoka. Alinitaka niulize ni lini mara ya mwisho alipanda ngazi. Mgonjwa mmoja wa makamo alinijibu kwamba hana tatizo lolote na ngazi, nami nilikuwa nimeanza kuandika hivyo, hadi mkewe aliyekuwa pembeni akasema kwa sauti ya chini kwamba tangu miezi mitano iliyopita walihamishia kitanda chumba cha chini, na kwamba hata kitanda chenyewe hakilaliwi, kwa sababu mumewe hulala akiwa ameketi kwenye kiti. Mume hakuwa amedanganya. Alikuwa ameyapunguza maisha yake hatua kwa hatua hadi yakatoshea ndani ya pumzi aliyobaki nayo, na kwa kuwa upungufu ulikuja polepole, hakuuona.

Baada ya maswali huja vipimo, na hapa ndipo ukali wa fani unapoonekana. Mgonjwa huendesha baiskeli ya kupimia huku akipumua kwenye barakoa, nasi tunasoma kiasi cha juu kabisa cha oksijeni anachoweza kutumia. Chini ya mililita 14 kwa kila kilo kwa dakika, au 12 kwa anayetumia beta-bloka, mazungumzo ya kupandikizwa moyo huwa na msingi. Kisha tunapitisha katheta (mrija mwembamba) yenye puto ndogo, ile ambayo Swan na Ganz waliieleza mwaka 1970, kutoka kwenye mshipa wa shingo hadi kwenye mishipa ya mapafu. Nilifanya kipimo hiki mara nyingi sana mwaka ule, na nilijifunza kukiogopa kwa heshima, kwa sababu namba moja inaweza kufunga mlango. Moyo ulioshindwa kwa miaka hurudisha shinikizo kwenye mapafu, na mishipa ya mapafu hukakamaa. Ukinzani wake dhidi ya mtiririko wa damu ukizidi 3 kwa kizio kiitwacho Wood na usishuke hata kwa dawa, tunakuwa na hofu ya kweli, kwa sababu ventrikali ya kulia ya moyo mpya haijawahi kusukuma damu dhidi ya ukuta wa namna hiyo na inaweza kushindwa mgonjwa akiwa bado mezani. Mgonjwa aliyetumwa kwetu mwaka mmoja mapema huenda asingekuwa na ukuta huo.

Nakumbuka mmoja aliyefika akiwa amechelewa. Alikuwa ametibiwa kwa uaminifu na madaktari waliompenda, na kila aliyemwona alimpa miezi mitatu zaidi ya kujaribu. Alipofika, ini lilikuwa limekwisha kuharibika, na kikao cha kila wiki, ambacho huwakutanisha madaktari wa upasuaji, wauguzi waratibu, mfamasia, ofisa ustawi wa jamii na wenzetu wa tiba shufaa (tiba ya kumpunguzia mgonjwa mateso), kiliamua kwamba hawezi kuvumilia upandikizaji wala pampu. Mimi ndiye niliyeiwasilisha kesi yake, kwa hiyo mimi ndiye niliyetakiwa kwenda kumwambia, nikiwa na mwalimu wangu nyuma yangu. Nilikaa kwenye kiti ili macho yetu yawe sawa. Aliniuliza swali moja tu: kama angekuja mapema, ingekuwaje? Nilimjibu ukweli kwamba huenda tungekuwa na njia nyingi zaidi. Mtaalamu wa tiba shufaa alikaa naye jioni nzima, na ninaamini kwa dhati kwamba katika fani hii tiba shufaa inapaswa kuingia tangu siku ya kwanza ya tathmini. Ikisubiriwa hadi siku ya mwisho, mgonjwa huipokea kama hukumu.

Halafu kuna simu za usiku. Moyo wa mchangiaji ukikaa kwenye barafu, muda wake wa usalama ni takriban saa 4 tangu damu inapokatwa hadi inaporudishwa, hivyo anayepokea simu huwa na dakika chache za kusoma kundi la damu, kimo na uzito, picha za eko (za moyo kwa mawimbi ya sauti), dawa za kupandisha shinikizo anazopewa mchangiaji, na umbali wa safari. Wakati huohuo anamtafuta kichwani mgonjwa ambaye zamu imemfikia, kwa kuwa huko Marekani, tangu Oktoba 2018, wanaosubiri wamepangwa katika ngazi 6 za uharaka. Nilifundishwa kusoma taarifa hizo kwa haraka, lakini mwalimu wangu alinitaka pia nisome mstari unaoeleza jinsi mchangiaji alivyofariki, kila mara, hata pale ambapo jibu letu lingekuwa hapana. Kuna familia iliyokubali jambo zito saa hizohizo, nasi tunadaiwa angalau kujua.

Baada ya upandikizaji, kazi hubadilika kabisa. Christiaan Barnard alipopandikiza moyo wa kwanza wa binadamu mjini Cape Town tarehe 3 Desemba 1967, Louis Washkansky aliishi siku 18, na kilichomuua ni homa ya mapafu. Kinga iliyokuwa imeshushwa ili isiushambulie moyo mpya haikuweza kuyazuia maambukizi. Hospitali nyingi ziliacha upasuaji huo miaka iliyofuata. Norman Shumway na timu yake pale Stanford waliendelea, wakapata njia ya kuchukua vipande vya misuli ya moyo ili kuona mapema dalili za mwili kuukataa moyo mpya, na miaka ya 1980 siklosporini, dawa ya kushusha kinga, ikabadilisha hali. Mizani iliyomshinda Washkansky ndiyo tunayoishika kliniki kila wiki. Ukizidisha dawa ya kushusha kinga, unakaribisha virusi na figo zinaumia. Ukiipunguza, seli za kinga zinavamia moyo. Siku moja mgonjwa aliandikiwa kwingine dawa ya fangasi, na takrolimusi, dawa yake ya kushusha kinga, kwenye damu yake ikapanda kupita kiasi, kwani dawa nyingi za fangasi huzuia ini kuivunja.

Kuchukua kipande cha moyo ni kazi ya mkono, na niliipenda. Kikoleo chembamba hupita kwenye mshipa wa shingo, huingia ventrikali ya kulia, huelekezwa kwenye ukuta wa katikati, kikafunga taya zake. Unahisi mvuto mdogo, wakati mwingine mapigo yanaruka mawili matatu, kisha unatoka na kipande kidogo kuliko punje ya mchele. Mgonjwa huwa macho. Moyo huo mpya hauna neva zilizounganishwa, kwa hiyo hupiga karibu mara 90 hadi 110 kwa dakika hata akiwa amepumzika, na mishipa yake ikiziba miaka ya baadaye, wengi hawasikii maumivu ya kifua ambayo yangewaonya. Ndiyo maana hatumngoji alalamike.

Katika miaka ya karibuni nafasi nyingi za mafunzo haya hubaki wazi. Naelewa sababu: mwaka wa ziada ambao mara nyingi hauongezi mshahara, simu za usiku, na vifo vya watu uliowafahamu kwa majina ya watoto wao. Malipo yarekebishwe, sipingi. Ila ningeanza na mpangilio wa mwaka wenyewe, ambao mara nyingi humhamisha mwanafunzi kila mwezi kutoka wodi ya pampu hadi ya upandikizaji hadi kliniki, akaona vipande vya wagonjwa wengi. Akabidhiwe wagonjwa 10 wiki ya kwanza na awafuate mwaka mzima, popote watakapolazwa. Wakati haufundishiki kwa mtu anayehama kila mwezi.

Na kwa bingwa wa moyo anayesita kumtuma mgonjwa wake: mtume sasa, hata kama tutamrudisha kwako na kukuambia kwamba bado. Pamoja na picha za eko, ambatisha orodha ya dozi alizowahi kuvumilia, tarehe zilipopunguzwa, na sababu ya kupunguzwa. Huo ndio ukurasa tunaoufungua kwanza.