Bibi kashuka boti mwenyewe!

Leo alasiri tumemrudisha Bibi nyumbani Lamu kutoka Mombasa. Alhamdulillah.

Wengi mwajua aliteleza uani akaanguka kwa makalio, pingili moja ya uti wa mgongo ikabonyea. Umri umeshaila mifupa. Dawa za maumivu, mkanda wa mgongo, wapi! Hata kujigeuza kitandani ilikuwa kilio.

Mimi nilidhani watampasua mgongo mzima.

Kumbe daktari hutazama eksirei kwenye skrini, akapitisha sindano nene mpaka ndani ya mfupa, akajaza puto dogo kuinua palipobonyea, akalitoa, kisha akatia saruji maalumu ya mifupa. Inaganda kwa dakika chache tu. Tiba hii ya saruji, kabla ya kuongezwa hilo puto, ilianzia Ufaransa 1984, na sisi ndiyo kwanza twasikia! (Si kila mtu inamfaa, lakini. Neva zikibanwa, huenda upasuaji mkubwa ukahitajika.)

Asubuhi nimeuona mgongo wake: plasta mbili ndogo, kushoto na kulia. Basi.

Pale gatini vijana wakaja kumbeba. Kawafokea: "Nani kawaambia mimi ni gunia?"

Akanishika mkono, akapanda ngazi moja moja, buibui limeloa chini, anahema na bado anawasema. Nacheka huku machozi yanitoka.

Sasa kazi ni kumzuia asiinue ndoo, na ameze dawa za kuimarisha mifupa.

Wenye bibi wabishi, mwafanyaje? Nipeni mbinu 😂