Usiku Mama alipomwuliza Papa wa Maji kuhusu Mungu

Mtoto wa Yaya, dada yangu mkubwa, ameanza mafundisho ya komunyo ya kwanza. Juzi tukiwa tunachambua sombe, majani ya muhogo, akauliza: mtu asiyemtafuta Mungu, Mungu naye anamwacha? Mama yake akamjibu haraka, jibu la katekisimu, mtoto akaridhika. Mimi sikuridhika, kwa sababu swali lilikuwa limeshanipeleka kwa Papa wa Maji (papa kwetu ni baba), kwenye usiku wa tarehe 26 Mei 2021.

Wiki ile mnaikumbuka. Nyiragongo, volkano ya kwetu Goma, ilipasuka Jumamosi jioni, tarehe 22, na kesho yake ilikuwa Pentekoste, sikukuu ya ndimi za moto. Lava ilifika Buhene, pembeni mwa mji, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Watu zaidi ya 30 walikufa. Mabomba na tangi kubwa la maji viliharibika, watu wapatao 500,000 wakabaki bila maji safi. Halafu yakaanza matetemeko, mchana na usiku, hata watoto wakazoea kunyamaza katikati ya neno na kungoja lipite. Tulilala uani. Mama hakukubali kuingia ndani hata kuchukua sufuria; lava ya Januari 2002 ndiyo iliyoila nyumba yake ya kwanza, mwaka ule ule ilipoteketeza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu.

Papa wa Maji alikuwa mpangaji wetu wa chumba cha nyuma. Mhandisi, mtu wa Galle, kusini mwa Sri Lanka, aliyeletwa Goma na shirika la misaada. Kiswahili chake kilitosha kwa soko na kwa salamu. Zaidi ya hapo alisema Kiingereza, na mimi nikawa napeleka na kurudisha maneno kati yake na Mama.

Usiku ule wamama wa jirani walikuja kwetu na blanketi zao ili watafute uso wa Mungu pamoja. Walianza na Zaburi ya 27, wakaendelea na rozari, maana kulikuwa na Wakatoliki na Waprotestanti na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kubishana. Mwezi ulikuwa mpevu. Hewa ilinuka moshi na majivu. Papa wa Maji akatoka chumbani amevaa shati jeupe na suruali nyeupe, akaweka juu ya kigoda mshumaa, kikombe cha maji na ua moja alilolichuma kwenye ukuta wa jirani. Akaketi chini, kwenye changarawe nyeusi ya uani kwetu, ambayo ni lava ya zamani iliyosagwa. Ilikuwa Vesak, mwezi mpevu wa Mei, siku ambayo kwao wanakumbuka kuzaliwa kwa Buddha, mwanzilishi wa dini yao, kuamka kwake, yaani kupata nuru, na kufa kwake. Mkono wa kushoto aliuweka mapajani. Wa kulia ulining'inia juu ya goti, ncha za vidole zikigusa udongo.

Wamama walipomaliza fungu, Mama akamtazama kwa muda mrefu, kisha akamwita.

“Papa, na weye, hautafutake Mungu?”

Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa akimhurumia, nadhani, kukaa peke yake na mshumaa wakati ardhi inatingishika.

Alijibu polepole, akinipa nafasi. Alisema Buddha hakuwahi kuwafundisha watu kumtafuta muumba. Miungu ipo, alisema, vitabu vyao vimejaa miungu, lakini nayo huzaliwa na kufa kama sisi, na haiwezi kumwokoa mtu. Niliposema hivyo kwa Kiswahili mama mmoja alifanya ishara ya msalaba. Mama hakufanya. Akasema, “Endelea.”

Basi akatusimulia habari ya Malunkyaputta, mtawa aliyemwendea Buddha na maswali yake: ulimwengu una mwisho au hauna, roho na mwili ni kitu kimoja au viwili, aliyeamka akifa yuko au hayuko. Akaapa kwamba asipojibiwa ataacha utawa. Buddha akamwambia: mtu amechomwa mshale wenye sumu, ndugu zake wamemleta mganga, naye anakataa mshale usitolewe mpaka ajue aliyempiga ni nani, wa ukoo gani, mrefu au mfupi, na upinde wake ulikuwa wa mti gani. Mtu huyo atakufa kabla hajajua.

“Buddha aliulizwa mambo hayo, hakuulizwa juu ya Mungu wako,” aliongeza, na ukweli wake huo niliupenda. “Ila mimi nilipokuwa na mshale wangu, ndilo jibu lililonifaa.”

Ndipo akatuambia juu ya Desemba 2004. Tulikuwa tumekaa naye miezi mingi bila kusikia neno hilo. Tarehe 26, siku moja baada ya Noeli, nayo ilikuwa siku ya mwezi mpevu, siku ya hekalu, na watu wa Galle walikuwa wameamka na kuvaa nyeupe. Bahari ikaja asubuhi, ile tsunami. Katika nchi yake peke yake walikufa watu zaidi ya 30,000, na dada yake alikuwa mmoja wao. Baada ya maziko wakaja wenye maelezo, wa dini hii na wa dini ile, hata wa dini yake mwenyewe: hao walikuwa na deni la maisha yaliyopita, wale waliadhibiwa kwa dhambi. Alisema alimsikiliza kila mmoja kwa adabu, na kila mmoja aliusukuma mshale ndani zaidi.

Uani kukawa kimya. Mama alikuwa na rozari mkononi lakini vidole havikusogea. Halafu akasema maneno ambayo nilimwomba ayarudie, nisije nikayaharibu:

“Mwambie miye simutafute Mungu ili anielezee. Nilishaacha kumuuliza tangu nyumba iungue. Namutafuta sawa mtoto anavyomutafuta mama yake gizani. Mtoto hataki maelezo ya giza.”

Papa wa Maji alisikia, akainamisha kichwa. Akauliza: na mtoto asipomwona mama?

“Mama njo anamutafuta,” akasema Mama. Akamkumbusha Mwanzo, sura ya tatu, Adamu amejificha kwenye miti, na Mungu ndiye anayeita, Uko wapi? “Hakuna mutu alianza kumutafuta Mungu. Yeye njo alianza.”

Hapo ndipo tetemeko likaja. Lilikuwa kubwa kupita ya jioni; kikombe kikaanguka, maji yakamwagikia miguu yake, wamama wakapaza sauti wakimwita Yesu, na mimi nikamkumbatia mtoto aliyekuwa karibu bila kujua ni wa nani. Mama alishika mkono wa kwanza alioufikia, ukawa wa Papa wa Maji. Ule mwingine yeye hakuuinua kutoka ardhini. Lilipopita alitueleza kwamba usiku wa kuamka kwake Buddha aligusa ardhi hivyo hivyo, ili ardhi imshuhudie, na ardhi ikatetemeka. Mama akasema ya kwetu imeshashuhudia vya kutosha.

Kisha Papa wa Maji akafanya jambo lake la kila usiku, safari hii kwa sauti. Aliwatakia salama walioko mashariki, kusini, magharibi, kaskazini, juu na chini. Wanaotupenda, wasiotupenda, wanyama, hata walioko upande wa mlima. Mama akauliza, haya unamwambia nani? Akajibu: simwambii mtu, nasema kwa ajili yao. Mama akatikisa kichwa, si kwa kukataa. Akasema, “Basi miye nitayapeleka,” akaanza Baba Yetu.

Yaliyofuata yalikuwa mbio. Alfajiri ya tarehe 27 gavana wa kijeshi alitangaza kwamba mitaa 10 ihame. Magodoro yakapanda chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, wengine wakakimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda, wengine mashua za Bukavu, sisi tukatembea hadi Sake. Papa wa Maji alikwenda na magari ya shirika lake. Huko Sake alikuwepo mhubiri mwenye kipaza sauti, akitwambia Goma imechomwa kwa sababu ya uasherati na pombe. Wengi waliitikia amina. Mama, ambaye sijawahi kumwona akiondoka katikati ya neno la Mungu, alichukua kidumu chake akainuka. Nikamfuata. “Huyu anatafuta mpiga mshale,” akasema, tukaenda kupanga foleni ya maji.

Tangu siku hiyo nimejaribu kufikiri walitofautiana wapi hasa. Wote wawili walikataa maelezo. Wote wawili walikataa kuwaacha wengine nje ya salamu zao. Mimi ni mtoto wa Mama, naomba kama anavyoomba, na bila Yule anayeita Uko wapi nisingejua la kufanya na usiku kama ule. Lakini nilimwona mtu asiyemwita yeyote akibaki ametulia zaidi yetu sote, na wala hakuwa na moyo mgumu. Siwezi kusema amekosa kitu, na siwezi kusema hajakosa.

Nilipomwuliza Mama kama alikuwa amempa haki Papa wa Maji, alisema hapana. Mshale umetolewa, vizuri, mtu amepona. Sasa anataka kurudi nyumbani, nyumbani kwa nani? Nilimtumia Papa wa Maji swali hilo kwa simu, wakati huo alikuwa ameshaondoka Kongo. Alijibu kwamba bado analifikiri, na kwamba yeye pia ana lake kwa Mama: uso wa Mungu ukifichika mpaka siku ya mwisho, ataendelea kuutafuta?

Nilimsomea Mama. Akaniomba nimsomee tena, akasema nimwambie asubiri. Bado hajanipa jibu la kumpelekea.