Mzigo wa Punda Mmoja

Assalaam alaykum ndugu zangu katika imani. Wiki nzima sijamtoa akilini Sheikh Izzuddin bin Abdissalaam, mmoja wa wanazuoni wakubwa wa madhehebu yetu ya Shafi. Hasa nimekuwa nikimfikiria punda wake.

Sheikh alizaliwa Damascus mwaka 577 Hijria. Ilipofika 638, mtawala wa mji huo, As-Salih Ismail, aliwapa Wasalibi, wapiganaji wa Kikristo kutoka Ulaya, ngome za Waislamu ili wamsaidie kupigana na Ayyub, mtoto wa ndugu yake aliyetawala Misri. Akawaruhusu hata kununua silaha humo humo mjini. Wauza silaha walipomwuliza sheikh, akawaambia ni haramu. Na juu ya mimbari ya Msikiti wa Bani Umayya akaacha kumwombea dua mtawala. Alifungwa. Akaletewa mjumbe: ubusu tu mkono wa sultani, utarudishiwa cheo chako. Akajibu kuwa hakubali hata sultani aubusu mkono wake, sembuse yeye kuubusu wa sultani.

Akahamia Misri, Ayyub akampa ukadhi. Huko akakuta maamiri wa Kituruki waliokuwa wakiendesha dola, na miongoni mwao naibu wa sultani mwenyewe, walikuwa watumwa walionunuliwa kwa mali ya umma, na haikuthibitika kisheria kuwa waliwahi kuachwa huru. Akakataa kupitisha mauziano yao na ndoa zao. Wapigwe mnada, akasema, fedha ziingie Baytul-Mal, hazina ya umma, kisha waachwe huru kwa njia ya sheria. Sultani akamwambia hayo hayamhusu.

Sheikh hakubishana. Alirudi nyumbani, akapakia vyombo vyake juu ya punda mmoja, familia akaipandisha juu ya punda wa pili, yeye akafuata nyuma kwa miguu kushika njia ya Sham, upande wa Damascus alikotoka.

Hapo ndipo ninapokwama kila mara. Kadhi, khatibu, mtu ambaye fatwa yake iliwatikisa majemadari, na vyombo vya nyumba yake vyote vinaenea mgongoni mwa punda mmoja!

Hakufika mbali. Watu wa Cairo walimfuata, wanawake na watoto, wanazuoni na wafanyabiashara. Sultani akaambiwa, akiondoka huyu ufalme wako umeondoka naye. Akapanda farasi, akamfuata, akamrudisha. Naibu naye akaja mlangoni kwa sheikh, upanga mkononi. Mtoto aliyefungua akakimbia ndani kwa hofu, na baba yake akamtuliza: mwanangu, baba yako hana daraja ya kuuawa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Alipotoka, upanga ukamdondoka naibu, akalia. Maamiri wakanadiwa mmoja mmoja, kwa bei ghali.

Tukisoma katika Suratul-Ahzab aya ya 39, kuhusu wale wanaofikisha ujumbe wa Mwenyezi Mungu wala hawamwogopi yeyote ila Yeye, huwa tunadhani ujasiri huo huteremka siku ya upanga. Lakini inasimuliwa kwamba zamani, alipokuwa Damascus, mji ulipata dhiki, mashamba yakauzwa kwa bei ya kutupa. Mkewe akampa mapambo yake ayauze, wanunue bustani. Akayauza, fedha akazigawa sadaka. Mke alipouliza, akamjibu: nimekununulia bustani Peponi. Naye mama yule akamwombea kheri. Mimi naona punda alianza kupunguziwa mzigo siku ile.

Nilipohama mwezi uliopita, mtaa huu hadi ule wa pili tu, fuso lilikwenda safari mbili, na mikeka ikabaki. Na mwaka jana, kwenye kikao kazini, zililetwa hesabu nilizojua si za kweli. Niliinamisha kichwa nikatia saini, kwa sababu nilikuwa na makochi mapya ya mkopo na marejesho ya kila mwezi. Ndiyo makochi niliyokalia nikiwaandikia haya.

Kikao kingine ni Jumanne. Niombeeni, ndugu zangu.