Makaburi ya mawe ya wafugaji wa kale: mawe yasomwe kwanza, mifupa baadaye

Kwenye nyanda za Laikipia, Samburu na kandokando ya Ziwa Turkana marundo ya mawe yametapakaa. Mengine yana upana wa hatua mbili, mengine yanapita mita kumi. Baadhi ni makaburi ya wafugaji wa kwanza wa Afrika Mashariki, yaliyojengwa maelfu ya miaka iliyopita. Mengine ni ya mababu ambao majina yao bado yanatajwa. Yapo pia ambayo si makaburi kabisa: mawe yaliyoondolewa shambani, alama ya njia, au msingi wa boma lililobomoka. Kwa macho tu yanafanana, na kosa linalorudiwa sana ni kuyaona mawe kama mzigo wa kuondoa ili kufikia mifupa. Kazi kubwa iko kwenye mawe.

Tuanze na jiwe moja. Katika nchi kame, jiwe lililokaa mahali pake kwa muda mrefu huwa na nyuso mbili. Upande wa juu, unaopigwa na jua, hushika rangi nyeusi au ya kahawia iliyoiva, na wakati mwingine kuvu. Upande wa chini, unaogusa udongo, huota utando mweupe wa chokaa. Ukikuta utando huo mweupe unatazama juu, jiwe hilo limegeuzwa, na limegeuzwa baada ya kukaa chini miaka mingi. Kwa hiyo kabla ya kuinua chochote, zunguka rundo zima taratibu ukiandika ni wapi mawe yamegeuka. Baada ya mzunguko huo utakuwa umeshajua kama kuna aliyekutangulia.

Shimo katikati ya rundo huwachanganya wengi. Wanaliona na kusema wezi wa makaburi walipita. Huenda ni kweli, lakini kaburi lililofunikwa kwa mabamba juu ya nafasi tupu huzama lenyewe: mwili unaoza, mabamba yanavunjika, mawe yanashuka. Shimo la kuzama halina lundo la udongo pembeni, na mawe yake huelekea ndani huku uso mweusi ukiwa bado juu. Shimo la mwizi lina kifusi upande mmoja, mawe yaliyopinduliwa, na udongo uliolegea ambao mwiko unauingia bila kusukumwa. Fisi na nungunungu pia huchimba, ila mashimo yao huingia kwa pembeni na huacha mifupa ya wanyama yenye alama za meno.

Jambo jingine linalopotosha tarehe: rundo linaweza kuendelea kukua. Kwa Wamaasai, mpita njia huongeza jiwe kwenye kaburi la mtu aliyeheshimiwa. Pengine desturi kama hiyo ilikuwapo zamani pia, hivyo tabaka la juu linaweza kuwa changa kuliko la chini kwa miaka mingi sana. Tena kizazi cha baadaye kinaweza kumzika mtu wake pembeni mwa rundo lililokwishakuwapo. Mfupa uliokutwa sentimita ishirini chini ya mawe ya juu hauna budi kushukiwa hivyo.

Ndiyo maana uchimbaji hufanywa kwa robo. Rundo hugawanywa sehemu nne kwa kamba zinazokutana katikati, na kati ya robo na robo huachwa ukuta usiochimbwa wa upana wa nusu mita. Huchimbwa kwanza robo mbili zinazokabiliana. Ukuta ulioachwa unaonyesha mkato wa rundo tangu juu hadi chini: mawe ya kujengea yaliyopangwa, mawe ya kujazia yaliyotupwa tu, udongo ulioletwa na upepo, na uso wa ardhi ya kale. Ukuta wa mawe makavu huanguka kirahisi, hasa mchana kila mtu anapouegemea. Usipande juu yake, na uchore mkato kila unaposhuka tabaka moja, kwa sababu ukiporomoka huurudishi.

Mawe huondolewa kwa tabaka, kwa mikono, kuanzia yaliyolala juu ya mengine. Mtaimbo ni wa jiwe lisilobebeka tu, na hata hapo uingize kipande cha mbao chini yake ili ncha isichimbe udongo. Kila tabaka lipigwe picha kutoka juu, picha zikipishana kwa zaidi ya nusu, na alama zisizopungua nne zilizopimwa ziwe nje ya rundo. Alama zikiwekwa juu ya mawe yatakayoondolewa, picha za leo hazitaoana na za kesho. Andika pia aina ya jiwe na uzito wa jumla wa kila robo. Uzito unasaidia kukadiria nguvu kazi iliyotumika, na aina ya jiwe inaonyesha lilitoka wapi.

Faida ya kuyasoma mawe hivyo inaonekana Lothagam North, eneo la makaburi magharibi mwa Ziwa Turkana. Matokeo ya uchimbaji wa hapo yalichapishwa mwaka 2018 na mwanaakiolojia Elisabeth Hildebrand na wenzake. Wafugaji walichimba mchanga wa ufuko wa kale hadi kwenye mwamba, wakawa wanazika humo kizazi baada ya kizazi, kati ya miaka 5,000 na 4,300 hivi iliyopita. Mwishowe walijaza shimo, wakalifunika kwa mawe ya basalti (mawe meusi ya volkano) na kusimamisha nguzo za mawe juu yake. Jukwaa lina kipenyo cha takriban mita 30, na pembeni yake kuna miviringo ya mawe na marundo. Inakadiriwa kuwa waliozikwa humo hawapungui 580: wanaume, wanawake, wazee na watoto wachanga. Mapambo yamekutwa kwa wa kila umri, yakiwemo shanga za magamba ya mayai ya mbuni na za mawe ya rangi. Hakuna kaburi lililotengwa kama la mkubwa wao. Ziwa lilikuwa linakauka na ufuko ukisogea mbali, na katika wakati huo mgumu watu wasio na dalili ya mfalme walikusanyika wakajenga. Kwangu mimi huo ni miongoni mwa ugunduzi mzito zaidi wa akiolojia ya Kenya. Nusu ya hoja yake inasimama juu ya mawe, maana mifupa peke yake isingetuambia jinsi kazi ilivyofanywa.

Ukifika kwenye mwili, badilisha zana. Weka kando mwiko wa chuma, chukua vijiti vya mianzi na brashi laini. Funika eneo kwa turubai ili kuwe na kivuli, kwa kuwa mfupa uliotoka kwenye unyevu mdogo wa ardhini ukipigwa na jua hupasuka upesi. Chekecheke la matundu ya milimita 5 linatosha kwa udongo wa kati ya mawe, lakini karibu na mwili tumia la milimita 2, kwani shanga ndogo za mbuni hupita kwenye la 5 bila wewe kujua. Udongo wa shingoni, viganjani na kiunoni uchukuliwe wote, kila mahali mfuko wake.

Usipake gundi kabla ya kuchukua sampuli. Gundi huongeza kaboni ya kigeni, na tarehe inayopimwa kwa kaboni ya mfupa huharibika. Anayechukua sampuli ya DNA avae glavu mpya na barakoa, na alenge mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani, ambao huhifadhi vinasaba kuliko sehemu nyingi za mwili. Sampuli za kaboni zifungwe kwenye karatasi ya alumini.

Kuhusu tarehe, nchi za joto hazina huruma. Kolajeni, protini inayotumika kupima kaboni 14 kwenye mfupa, mara nyingi imekwisha kabisa, hata mfupa unapoonekana mzima. Maabara ikipima madini ya mfupa badala yake, kaboneti ya udongo inaweza kuwa imeingia na kupotosha umri. Gamba la yai la mbuni hupimika vizuri, ila linatoa umri wa yai, na shanga inaweza kurithiwa. Mkaa ulio chini ya mawe ya kwanza unaonyesha kwamba rundo haliwezi kuwa la kale kuliko huo mkaa, basi. Njia nyingine ni kupima ni lini chembe za mchanga chini ya jiwe la msingi zilipata mwanga mara ya mwisho. Bomba la chuma hupigiliwa kwenye ukuta wa udongo na kuzibwa pande zote mbili. Mwanga ukiingia, hata wa dakika chache, sampuli imekufa. Usitegemee kipimo kimoja.

Hayo yote yanahitaji vibali. Kenya ni leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), pamoja na kibali cha uchimbaji kupitia Makumbusho ya Taifa, chini ya sheria ya urithi ya mwaka 2006. Tanzania ni COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na Idara ya Mambo ya Kale, chini ya sheria ya mwaka 1964. Wazee wa eneo wafuatwe kabla ya hapo, si baada ya gari kufika. Wao ndio watakaokuambia kaburi lipi lina wenyewe, na hilo lisiguswe. Naamini pia kwamba rundo lisilotishiwa na barabara, bwawa au machimbo ya kokoto liachwe, au lichimbwe nusu tu. Mbinu za kupima zitakuwa bora zaidi baadaye, na nusu iliyobaki itazihitaji.

Ukimaliza, tandika kitambaa cha wavu wa plastiki chini ya shimo, weka sarafu ya mwaka huo ili mchimbaji ajaye ajue ulipoishia, rudisha udongo, kisha mawe, yale makubwa chini kama picha zako zinavyoonyesha. Na usiweke vipimo vya GPS vya mahali hapo mtandaoni. Kwenye ripoti ya wazi taja kaunti au wilaya tu. Ramani kamili ikae makumbusho.