Julai ndani ya Karura

Ikifika Julai tu meseji za wenzangu wa kukimbia zinaanza, "leo tusitoke bana, baridi imezidi", na mimi siwalaumu kwa sababu Nairobi mwezi huu unaweza kukosa jua siku tatu mfululizo, mawingu yanatanda alfajiri na saa saba mchana bado yako pale pale. Lakini kama kuna mwezi napenda kukimbia msitu wa Karura, hapa hapa Nairobi, ni huu.

Jumamosi niliingia na geti la Limuru Road saa kumi na mbili na nusu, kagiza bado kako. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka chini na mvua haikuwa imenyesha ila ndani ya msitu kulikuwa kunadondoka, tap, tap, kwa sababu majani yananasa ule ukungu mpaka unakuwa matone, na hayo matone yakikuangukia kwa shingo unaamka kabisa. Harufu ya mikaratusi iliyolowa sijui niielezeje, inaingia mpaka kifuani. Nilivaa fulana mbili nyepesi na kofia, basi. Jaketi nzito wachana nayo, dakika kumi tu umeshalowa jasho, na ukisimama kidogo hiyo jasho inageuka barafu mgongoni. Afadhali uanze ukihisi baridi.

Sasa tope. Ule udongo mwekundu ukilowa unashika soli kama ugali kwa mwiko, na ukifika kilomita ya pili kila mguu unahisi umefungwa jiwe. Mimi hutembea na kakijiti, nasimama nakwangua katikati ya meno ya kiatu halafu naendelea. Mahali pa kuwa makini kabisa ni pale njia inashuka kuelekea mtoni upande wa maporomoko, hapo punguza hatua, ziwe fupi fupi za haraka, na mizizi usiikanyage, iruke. Mwaka jana nilikanyaga mmoja uliokuwa umechunika ganda, mweupe na unateleza kama sabuni, nikaanguka ubavu na kifundo cha mguu kikavimba, wiki tatu sikukimbia. Nilikuwa peke yangu na ukungu ulikuwa mzito, kilichonisaidia ni vile vigingi vya namba kwenye makutano ya njia, nilipiga simu nikasema niko namba fulani na rafiki akanijia moja kwa moja. Kwa hivyo tafadhali, hata kama umeizoea hiyo njia miaka mingi, tembea na simu na uwe unaangalia namba ukipita.

Mbele kidogo niliwakuta mbega, wanne, wamejikunyata juu ya tawi moja, mikia mirefu meupe inaning'inia. Hawa walirudishwa humu miaka ya karibuni, wakatolewa upande wa Kipipiri, na mimi kila nikiwaona lazima nisimame hata kama niko na spidi nzuri.

Na nikisimama hapo huwa namkumbuka Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira. Huu msitu wote, hekta elfu moja na kitu, ulikuwa umeshaanza kumegwa viwanja watu wajenge. Tarehe 8 Januari 1999 mama alikuja kwenye geti la msitu na wenzake kupanda mti tu, wakapigwa, akapasuliwa kichwa mpaka damu, na hakuacha. Hii njia ninayokimbia leo ingekuwa ukuta wa mtu na waya juu. Ndiyo maana nikiona mtu ametupa chupa kando ya njia naumia kweli, naiokota nabeba mpaka getini.

Nilimaliza kilomita 12, mikono imekufa ganzi, mashavu yanawaka, nikaenda nyumbani kwa chai ya tangawizi. Viatu nikaviosha na brashi nikavijaza magazeti ndani, nikabadilisha magazeti usiku na tena asubuhi, maana jua la kuanikia hakuna. Leo Jumatatu bado vina unyevu kwenye vidole. Jumatano natoka tena, saa ile ile, geti lile lile, anayetaka kuja aje.